Breki Hulia

Karani wa dhamana kwenye duka lililoniuzia gari ana mikono laini inayonukia losheni, na hafungui faili kabla hajaifuta kalamu kwa leso. Gari langu lina miezi minne tu, na breki zinalia kama mbuzi anayeburutwa. Amezisikiliza mara tatu, kila mara akiwa mlangoni, kichwa upande, macho kafumba. “Kawaida hiyo, mama. Breki mpya hulia.” Leo kaandika “hakuna kasoro,” akagonga muhuri. Saa ya kufunga ilikuta mvua inanyesha, nami nikamwonea huruma.

“Ingia, baba, nikusogeze hadi stendi. Ni mteremko tu huo.”

Akalitazama gari, akautazama mteremko.

“Ahsante, mama. Daktari kanishauri nitembee.”

Akaondoka mbio, kajifunika faili langu kichwani.