Chaki ya Buluu Viganjani mwa Yasmina

Mukankusi anasema alikuwa anageuza chapati ya nne au ya tano alipoyaona yote kwa macho yake. Mama mmoja mtu mzima, shangazi wa bibi harusi, alifika kwenye karakana ya ushonaji amevaa gauni la hariri, akanyoosha mikono yote miwili kumsalimu fundi. Fundi akapiga kelele kama aliyekanyaga moto, akamsukuma yule mama mpaka ukutani, akalichafua gauni lote kwa rangi ya buluu.

"Gauni nzima! Siongeze chumvi mimi," anasema Mukankusi huku akigonga mwiko ukingoni mwa kikaango. "Mutu mukubwa anakusalimia, wewe unamusukuma. Hata kama uliamka vibaya. Hiyo ni tabia gani, sha?"

Mukankusi, ambaye wengi wanamwita Mama Muhire, anauza chai na chapati kwenye baraza la karakana hiyo, Nyamirambo, jijini Kigali. Nyumbani, mtaa wa Biryogo, mlango wake na wa huyo fundi inatenganishwa na hatua sita tu. Kwa hiyo neno lake linasikika kazini, kisha linasikika tena nyumbani.

Fundi mwenyewe ni Mukunde Yasmina, mwenye miaka 37. Kwa miaka kumi na tisa ameshona imishanana, yale mavazi ya sherehe yenye kitambaa kirefu cha begani. Anasema hakumsukuma mtu. Gauni lilipata alama za vidole vinne, karibu na kiwiko. Lakini kelele, anakubali, alipiga.

"Sikujua ni mimi," anasema. "Niligeuka nikamwangalia Kirezi, nikafikiri ni yeye."

Kirezi ni fundi mwenzake, mdogo kwake, anayekaa kwenye cherehani ya pembeni.

Tangu siku ile, wiki mbili sasa, Yasmina hatulii. Anashona mshono mmoja, anasimama. Anakwenda mlangoni, anarudi. Anaangalia saa ya ukutani, halafu anaangalia ya simu, kana kwamba moja inamdanganya. Jumatatu mwenye karakana, Ilyasi, anataka jibu: ama Yasmina ashone kuanzia saa moja asubuhi kama wenzake, ama cherehani yake apewe mtu mwingine.

Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, redio inaongea chumbani kwa Yasmina. Imeongea usiku kucha. Hakuna anayeisikiliza. Kitufe chake ni kigumu, asubuhi vidole haviwezi kukizungusha, na usiku yeye hapendi kimya.

Beseni dogo la maji ya moto liko juu ya kigoda. Maji yametoka kwenye chupa ya chai ambayo mumewe, Usumani, huiacha na kifuniko kimelegezwa kabla hajaenda lindoni. Usumani ni mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi, Kacyiru. Akirudi saa mbili, mkewe ameshaondoka.

Yasmina anaingiza mikono majini. Anaitoa. Anatembea hatua tano mpaka dirishani, anarudi, anaiingiza tena. Viganja vimejikunja kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Vifundo vya vidole vimevimba, vinang'aa.

Gauni analoliingiza kichwani halina kifungo hata kimoja. Hakuna nguo yake yenye kifungo. Zote amezishona upya: mpira kiunoni, shingo pana.

"Nafunga vifungo vya maharusi wa watu," anasema. Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Saa moja anafika kazini. Saa mbili za mwanzo anafagia, anapanga vitambaa, anajifanya anatafuta uzi. Saa tatu vidole huanza kufunguka, kimoja kimoja. Saa sita anashika mkasi. Saa kumi jioni anaweza kubeba ndoo ya maji kutoka bombani, na hapo ndipo watu wanapomwona.

"Ile ndoo ndiyo inaniponza," anasema. "Asubuhi niko peke yangu na ugonjwa, hakuna shahidi. Jioni natoka, mashahidi ni mtaa mzima."

Mukankusi ndiye shahidi wa kwanza. Anakumbusha umuganda wa mwezi uliopita, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Walikuwa wanazibua mfereji. Yasmina alisimama pembeni, mikono ndani ya mtandio, akasema hawezi kushika jembe.

"Jioni yake nikamuona na ndoo, anacheka na simu!" anasema Mukankusi. "Na asubuhi redio iko inaimba kwake, hata jogoo bado. Mugonjwa gani anaamka kusikiliza miziki? Iko na mikono mizuri kuliko yangu."

Ugonjwa ulianza miaka sita iliyopita kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia. Yasmina alidhani amejichoma sindano bila kujua. Ukahamia kidole cha pili, ukavuka mkono wa kushoto. Kliniki walimwambia ni baridi yabisi, ya aina ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenye mwili. Kwa Kinyarwanda watu husema rubagimpande, na wakisema hivyo wanamfikiria bibi kizee wa kijijini anayeota jua. Hawamfikirii mwanamke anayepita barabarani na viatu vya kisigino.

"Kila mtu ananiambia ihangane," anasema Yasmina. Ni neno la kumpa mtu pole na kumtaka avumilie. "Nimeambiwa ihangane mpaka nikilisikia nataka kurusha kitu. Nivumilie nikiwa nimekaa, na kazi inaondoka?"

Zamani alimaliza sketi sita kabla ya adhuhuri. Siku hizi akimaliza mbili anashukuru, na fundi hapa hulipwa kwa vazi alilomaliza.

Lakini anayoyasimulia zaidi si ya sketi. Mwaka jana, anasema, ilipita wiki nzima bila kuzungumza na mtu karakanani, akajiogopa mwenyewe. Alijifungia chooni akalia, akatoka akasema ni pilipili ya mchuzi. Harusi ameacha kwenda, yeye ambaye nguo zake ndizo zinazocheza huko, kwa sababu ya ule mstari mrefu wa watu wa kusalimiana nao.

Damascène, muuguzi wa kliniki anakohudhuria, anasema wagonjwa wa namna hiyo anawaona kila wiki.

"Tunawauliza habari ya viungo. Tunasahau kuwauliza wanalala vipi, na nani anawaamini nyumbani," anasema. "Mtu anameza dawa, uvimbe unapungua, lakini anafika hapa analia. Ukimwuliza, si maumivu. Analia kwa sababu shemeji yake kamwita mvivu mbele ya wageni."

Kigali huwezi kumpita mtu unayemjua bila kumpa mkono. Mwenye mikono michafu au iliyolowa hutoa mkono wa juu, kuanzia kifundo cha mkono, mwenzake akaushika hapo, na hakuna anayeudhika. Yasmina aliona hapo pa kupenya. Mwanzoni alilowanisha mikono kila aliposikia hatua za mtu. Baadaye akaona chaki ya kuchorea vitambaa ni rahisi zaidi. Kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, alijipaka viganjani, kisha akawa anatoa mkono wa juu: samahani, nina chaki.

Ilimsaidia miaka minne. Ilimsaidia hata kupita kiasi, maana wanaume wa mtaani waliona hawapi tena kiganja, wakasema Yasmina sasa ameshika dini sawasawa.

"Walinipongeza msikitini," anasema Usumani jioni moja, koti la ulinzi tayari mwilini. "Nikasema alhamdulillahi. Ningesema nini?"

"Ungesema mke wangu anaumwa!" Yasmina anamrukia.

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza, ndiyo. Lakini ungesema."

Wanacheka wote wawili. Usumani anachukua chupa ya chai, anafunga kifuniko, anakilegeza tena nusu mzunguko, anaiweka mahali pake.

Kwa nini alificha? Yasmina anasimama kabla ya kujibu. "Wakijua, watanihurumia. Watanipa kiti, wataniambia pumzika mama. Mimi sitaki kiti. Nataka cherehani."

Siku ya shangazi wa bibi harusi, chaki nyeupe ilikuwa imekwisha. Ilibaki ya buluu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, vidole bado havijafunguka. Yasmina alitoa mkono wa juu kama kawaida, lakini yule mama, kwa furaha aliyokuja nayo, hakujali chaki.

"Acha hizo, mwanangu! Si hii ndiyo mikono iliyomshonea binti yetu?" alisema, akakishika kiganja, akakiminya kwa mikono yake yote miwili.

Yasmina alipiga kelele akauvuta mkono wake, na vidole vya buluu vikapita juu ya hariri.

Siku hiyohiyo Ilyasi alimwita. Kwa mara ya kwanza Yasmina alieleza yote, akatoa na karatasi ya kliniki, akaomba aruhusiwe kuingia saa tatu badala ya saa moja. Jioni atabaki mpaka wote waondoke, na yeye ndiye atakayefunga.

Ilyasi si mtu mkali. Anazungumza huku anakunja kitambaa, taratibu, pembe kwa pembe.

"Karatasi nimeiona, sikuielewa. Imeandikwa kidaktari," anasema. "Mimi nina mafundi saba. Nikimpa mmoja saa tatu, na wengine hawaoni sababu, kesho wote wataumwa mikono. Mume wake amekuja kusema, lakini mume ni mume. Mukankusi anaishi mlango wa pili, na ndiye anawaambia hawa kila siku kwamba Yasmina ni mzima. Yeye akisema asubuhi hawezi, nimemaliza, aje saa tatu. Asiposema, Jumatatu cherehani yake ya dirishani inakwenda kwa Kirezi."

Anaambiwa kwamba mwandishi wa gazeti hili ameiona asubuhi ya Yasmina. Ilyasi anacheka.

"Gazeti litarudi kwao. Mama Muhire yuko hapa kila siku."

Kirezi anasikia, anainamisha kichwa. "Siitaki ile cherehani," anasema baadaye, mwenye karakana akiwa ametoka. "Dada ndiye alinifundisha kukata. Nikikaa pale nitamwangalia na macho gani?"

Yasmina amepanga mambo, kama atapata hizo saa mbili. Kirezi atakata vitambaa asubuhi, yeye ataviunganisha mchana. Kliniki atakwenda bila kudanganya kwamba anakwenda sokoni. Na chaki, anasema, itarudi kuchora vitambaa.

Ijumaa, saa kumi jioni, anatoka barazani. Mikono ameinawa. Leo viganja havina kitu.

"Mama Muhire."

"Karibu. Nikupe chai?"

"Sitaki chai. Kesho umuganda ni saa mbili, si ndiyo?"

"Yego. Unakuja na jembe ao unakuja na mutandio?"

Ndani, mafundi wawili wanaangua kicheko. Yasmina anakaa kwenye benchi, papo hapo anasimama tena.

"Njoo kwangu kabla ya umuganda," anasema. "Saa kumi na mbili. Usilete kitu, uje tu uniangalie. Halafu umwambie Ilyasi ulichokiona. Ukiniona mzima, mwambie ni mzima, sitakuja kukuuliza."

Kicheko ndani kimekatika. Cherehani moja iliyokuwa inakimbia inapunguza mwendo, inasimama. Mukankusi anaitazama mikono ya jirani yake, ambayo saa hizi za jioni haina kitu cha kumwonyesha mtu, ila vifundo vinene kidogo.

"Na ile redio?" anauliza, kwa sauti ya chini.

"Utaikuta inaongea. Uizime wewe."

Mukankusi anachukua kitambaa, anafuta meza. Anaifuta tena palepale.

"Usibishe hodi," anasema Yasmina. "Mlango sifungi komeo. Asubuhi linanishinda kulifungua, kwa hiyo usiku naegesha tu. Sukuma uingie. Utakuja?"

Mteja amesimama, anataka chapati mbili. Mukankusi anamgeukia, anamfungia tatu. Mteja anarudisha moja. Mukankusi anaipokea, anaitazama, hajui aiweke wapi, na Yasmina bado amesimama.