Kuku wa Mguu Wangu

Nikisema nilivunjika mguu enzi za wanajeshi, watu hunishika mkono na kunipa pole kwa sauti ya chini. Wanadhani ni kitako cha bunduki, au lori la jeshi. Natamani ningekuwa na kisa cha heshima namna hiyo. Mimi nilivunjwa na gunia la kahawa, asubuhi, katika kichochoro cha nyuma ya nyumba yetu hapa Busia, nikiwa nimebeba sufuria ya mihogo ya kwenda kuuza.

Gunia lilikuwa juu ya baiskeli, na juu ya baiskeli alikuwa jirani yetu, Msamia mmoja mwenye shingo ndefu. Kwao Tiira walikuwa wakulima, lakini siku hizo nani alikuwa akilima? Kila mwenye baiskeli alivusha kahawa kwenda Kenya akarudi na sabuni, chumvi na sukari. Serikali iliita magendo. Sisi tuliita kazi. Asubuhi ile alisikia mtu akikohoa nyuma ya ua, akajiambia ni askari, akakanyaga pedeli mteremkoni kwa nguvu zote. Aliyekohoa alikuwa mbuzi wa mama mkwe wangu. Mimi nilikuwa nakunja kona. Nilisikia "Pisha!", na kabla sijapisha nilikuwa chini, mihogo juu yangu, gunia juu ya mihogo, na jirani juu ya gunia akinong'ona, "Mama, askari wako wapi?"

"Askari gani, mwendawazimu wewe! Toka juu ya mguu wangu!"

Mfupa wa muundi ulikuwa umekatika. Mimi sikuutazama, mama mkwe ndiye aliyeutazama, naye akakaa chini palepale bila kuambiwa.

Walinipandisha lori la mkaa hadi Tororo. Hospitali waliyonipeleka ilikuwa na vitanda, ilikuwa na wauguzi wenye huruma, na haikuwa na kitu kingine chochote. Daktari wa mifupa alikwisha kuondoka nchini, na watu walisema aliondoka na ufunguo wa chumba cha picha za mifupa. Muuguzi akaniambia plasta ikipatikana nitafungwa, ila niitafute mwenyewe, na labda nijaribu Kenya.

"Dada yangu," nikamwambia, "ningekuwa na mguu wa kufika Kenya, kwako ningekuja kufanya nini?"

Akacheka, maskini, kisha akafuta machozi. Daktari kijana aliyebaki alikuja akaubonyeza mguu, akasema tungoje tuone, ukiharibika atakata. Akanionyesha kwa kiganja mahali atakapokata, chini kidogo ya goti, kwa upole kabisa. Riziki yangu yote ilikuwa ya kusimama. Nilikuwa nauza chai na mihogo kwa madereva penye kizuizi cha mpaka, na mume wangu, dereva wa lori, alikuwa amekwama upande wa Kenya kwa sababu mpaka ulikuwa umefungwa tena. Mwanamke wa mguu mmoja angemkimbilia vipi dereva anayeondoka na kikombe chake? Nikamwambia mama mkwe, "Nirudishe nyumbani. Nikifa, nife na miguu yangu yote."

"Hufi," akasema. "Una kelele mno."

Basi akaagiza bibi mmoja kutoka Kirewa, Mpadhola, mwunga mifupa aliyesifika mpaka ng'ambo. Alikuja kwa miguu, mdogo, mkavu, na jambo la kwanza alilouliza ni nani aliyenivunja. Akaambiwa. Akasema huyo alete kuku jike.

Kwa wasiojua, niwaeleze. Bibi huyo aliunga mifupa kwa kuku. Alimvunja kuku mguu mahali palepale ulipovunjika wako, akakufunga wewe vibanzi vya mwanzi na kuku naye vibanzi vyake vidogo, dawa ileile, mafuta yaleyale. Kuku akitembea, nawe unatembea. Sote tuliamini hivyo, Waislamu na Wakristo, na mimi niliyesoma mpaka darasa la sita niliamini kuliko wote. Jirani akaleta kuku mweupe, mnene, mwenye macho ya kiburi. Bibi alipomvunja kuku na kuunyoosha mguu wangu, tulipiga ukelele pamoja, mimi na kuku, na mbuzi akakohoa nje.

Sasa ikabaki fidia. Polisi hakuna aliyethubutu kuwataja. Ungesema nini? Nimegongwa na baiskeli. Ilibeba nini? Kahawa. Inakwenda wapi? Hapo mshtaki na mshtakiwa wote wangepandishwa lori moja, kwa maana chai yangu nayo ilikuwa na sukari, na sukari hiyo ilitoka wapi? Wenye makosa kama hayo walikuwa wakipigwa risasi. Kwa hiyo wazee walikaa kimyakimya barazani kwetu, mjomba wangu, mtu wa msikiti, kwa niaba yetu na mzee mmoja wa kanisa kwa niaba ya jirani, mlango umefungwa.

Waliamua vizuri. Jirani atatuchotea maji kila alfajiri, atatuletea chumvi, sabuni na sukari kila akivuka, mpaka nitakapotembea.

"Na asipotaka kutembea?" jirani akauliza. "Mtu akichotewa maji, atasimama ya nini?"

"Ebo! Unaniona mvivu mimi? Mimi niliyekuwa napita na sufuria wewe ukimkimbia mbuzi?"

Wakaanza kuvutana. Mzee wa kanisa ndiye aliyepata jibu, na lilituridhisha sote mpaka tukashangaa kwa nini hatukuliona mapema. Mtu anaweza kudanganya, kuku hadanganyi. Kuku akitembea, fidia imekwisha. Mjomba akasema amina, mama mkwe akasema amina, hata mimi kitandani nikasema amina. Hakuna aliyeuliza itakuwaje mmoja wetu, mimi au kuku, akitangulia.

Jamani, muda ule nilimchukia yule kuku! Alikaa chini ya tenga karibu na mlango, nami kwenye kitanda cha kamba, tunatazamana mchana kutwa. Jirani alikuja alfajiri, akajaza mtungi, kisha akachutama mbele ya tenga kumlisha. Kuku alikula ulezi. Mimi nilikula mihogo. Akambembeleza kwa Kisamia, akamkuna shingo. Mimi aliniuliza kwa mbali tu, "Mama, mguu iko namna gani leo?" akiwa tayari ameshageuka kuondoka.

"Unaona?" nikamwambia mama mkwe. "Anamnenepesha apone haraka, atuponyoke."

"Au atambadilisha," mama mkwe akasema. "Kuku weupe wamejaa sokoni."

Siku hiyohiyo alikoroga hina akampaka kuku bawa zima, kama biharusi. Jirani alipokuja akakuta kuku mwekundu wa bawa moja, alituangalia, akaokota debe lake akaenda zake. Nikafurahi sana. Nikajua tumemshika.

Lakini mguu wangu haukuwa na furaha. Bibi wa Kirewa alikuja tena na tena, akafungua, akapaka, akafunga, na safari ya mwisho akaubonyeza kwa kidole gumba, akaniambia, "Mfupa imeshika. Iliyobaki ni woga. Simama kila siku." Nikamjibu kuwa kuku hajasimama, mimi ni nani nimpite? Hata hivyo alasiri moja, mama mkwe akiwa sokoni, nilichukua mkongojo nikajaribu. Nikaukanyagia ule mguu. Ulitetemeka, nikaanguka kifudifudi, na palepale sakafuni nikalia kwa sauti. Nililia kila kitu, mume wangu aliyekwama, wateja walionisahau, kiganja cha yule daktari chini ya goti langu. Nikapiga kelele kwamba kuku huyu akitembea kabla yangu, basi wachukue shoka waukate, sitaki kuuona tena!

Nilipoinua macho, jirani alikuwa mlangoni. Haikuwa saa yake, na hakuwa na debe wala sukari. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Aliniinua akanikalisha kitandani, akatazama tenga, akaondoka bila kusema alichojia.

Toka hapo kuku alizidi kuchechemea. Akitolewa mchana kuota jua, alikuwa akiburuta ule mguu mpaka unamwonea imani, vibanzi vyake vimekazwa vizuri. Amini usiamini, nilifarijika! Mama mkwe alisema, "Tazama, hata kuku bado. Kwa nini unajitesa?" Nami nikaanza kujaribu kidogokidogo, kutoka kitanda mpaka ukuta, kutoka ukuta mpaka kitanda, nikimwambia kuku, "Mwenzangu, twende polepole, safari yetu ni moja." Kumchukia kulinitoka. Nilimgawia hata mihogo yangu.

Sasa asubuhi moja, mama mkwe akiwa kwenye mkeka wake wa sala, nilisikia debe likiwekwa chini, kisha mbawa zikipigapiga uani. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Jirani alikuwa amemtoa kuku na kumfungua vibanzi vyote. Na kuku, ule mzigo wa maradhi, alikuwa akikimbia! Alizunguka ua mzima, akamfukuza jogoo wa watu, akaruka juu ya ukuta na kushuka. Jirani alimwacha anyooshe viungo, kisha akamkamata, akachutama, akaanza kumfunga vibanzi upya, anavikaza kwa meno.

Damu ilinipanda. Mguu wa kuku ni mguu wangu, kila mtu anajua, na huyu mtu ananifunga mguu wangu kila alfajiri! Nikanyakua mwiko.

"Mchawi! Kumbe ni wewe! Ndio maana siponi!"

Nilivuka kizingiti, nikavuka baraza, nikamfikia, nikamtandika mwiko wa bega. Akaanguka na kuku mkononi. Nikainua mwiko tena.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kutoka kwenye mkeka, "unatembea."

"Natembea ndiyo, nakwenda kumuua!"

"Hapana, mwanangu. Tazama. Unatembea."

Nikatazama chini. Mkongojo wangu ulikuwa ndani, umeegemea ukuta. Miguu yote miwili ilikuwa uani, kwenye umande. Niliogopa kupumua.

Jirani hakuinuka. Alisema akiwa chini palepale, "Mama, hii kuku ilipona zamani. Siku ile ulianguka, mimi nilikuwa nakuja kusema kesi imekwisha. Nilikuwa nimevaa shati. Nikakuta unalia, unasema kuku ikitangulia wakukate mguu. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Ungesema!"

"Ningesema, ungekata tamaa. Nikafunga kuku."

Nilikaa kwenye ukingo wa baraza. Mtu huyu alikuwa huru, amani yake mkononi, wiki baada ya wiki. Na wiki hizo zote alikuwa akitubebea debe la maji kutoka kisimani na kuficha sukari yetu katikati ya gunia, pahali ambapo ingemtia matatani akikamatwa. Na sisi tulimpaka kuku wake hina. Nilitaka kumwomba radhi, yakatoka maneno mengine, "Ungekaza taratibu basi, kuku naye ana roho." Nikalia tena, lakini kilio kingine.

Wazee walikuja kufunga kesi, na bibi wa Kirewa akaja kwa ajili ya kuku wake, kwa maana desturi ni kwamba kazi ikiisha kuku ni chakula cha mganga. Walinitembeza baraza mpaka lango na kurudi. Wakatikisa vichwa, wakaridhika. Kisha bibi akauliza, "Na kuku alitembea siku gani?"

Kuchezea dawa ya mfupa ni kosa zito, wangemtoza fidia mpya juu ya ile ya kwanza. Shingo ndefu ya jirani ikaanza kutoka jasho. Mimi sijawahi kukosa neno maishani mwangu.

"Siku niliyotembea mimi," nikasema. "Saa ileile."

"Hata mimi niliona," akasema mama mkwe, mtu asiyewahi kukosa sala wala kusema uongo.

Bibi akataka kuhakikisha. Akamfungua kuku akamweka chini mbele ya wazee. Kuku akapiga hatua, akachechemea. Akapiga nyingine, akachechemea. Alikuwa amezoea. Bibi akamtazama kuku, akanitazama mimi, akamtazama jirani kwa kitambo kirefu, kisha akajifunga kanga yake kiunoni akasema kuku huyu nyama yake imeharibika, apewe mwingine. Nilimpa mwingine, mkubwa zaidi. Nikawaambia wazee kuwa katika kesi hii wote tumepata haki isipokuwa aliyevunjwa mguu bila kumgonga mtu, na fidia yake ni kwamba hachinjwi. Mjomba alicheka mpaka akavua kofia. Wakaandika hivyo vichwani mwao, na kesi ikaisha.

Kesho yake alfajiri nikasikia debe likiwekwa chini mlangoni. Nikatoka, bila mkongojo, polepole, kichwa wazi.

"Kesi imekwisha, ndugu yangu," nikamwambia. "Hukusikia?"

"Nilisikia," akasema. "Lakini kuku haijakunywa maji."

Nikalipokea lile debe kwa mikono miwili, nimesimama.