Mji Nilioutoa Mwenyewe

Tulikuwepo baba yangu Mbwana Kombo, shangazi yangu Mwanaidi na bintiye Mwanakombo, na mimi Zaina. Tulikuwa kwetu Pongwe, miaka ile ya hamsini, tukipukuchua mahindi na kutegeana vitendawili. Siri yangu aliijua Mwanakombo tu: Hamadi, fundi cherehani wa Ushongo, alitaka kuniposa.

Sheria nilizijua kuliko wote. Anayeshindwa hutoa mji. Aliyepewa husimulia alivyokwenda huko, wala hakatizwi. Hata shangazi nilimnyamazisha alipomkatiza msafiri!

Mwanakombo akanitegea, nikashindwa.

“Nipe mji!”

“Chukua Maramba.”

“Siutaki, hauna bahari.”

Ulimi ukaniponyoka. “Basi, Ushongo.”

Akacheka. “Nilikwenda Ushongo, nikapokewa vizuri. Nikamkuta Hamadi fundi cherehani, akaniuliza, ‘Zaina keshamwambia baba yake kwamba nataka kuja kuposa?’”

“Mwanakombo, koma!”

Baba akaweka gunzi chini. “Si wewe uliyesema msafiri hakatizwi? Mwache amalize, nimsikie huyo Hamadi.”

Kama jina la mtu nimelikosea, nisahihisheni. Sheria sikukosea.