Kopo la Mwalimu Ndayiragije

Mwalimu Pierre Ndayiragije alifundisha jiografia hapa Uvira, kando ya ziwa, miaka thelathini na mmoja, na mimi, jirani yake wa mtaa wa Nyamianda, nasema wazi kwamba hakuna aliyemcheka kunizidi. Ile boti yake nyembamba ya mtu mmoja, aliyochongewa na fundi wa ufukweni kwa kuangalia picha ya kayak kwenye simu, ni mimi niliyeiita jeneza. Jina likashika. Hata paroko akawa anamuuliza kama jeneza limerudi salama.

Mchezo wake alifundishwa na mtaalamu mmoja aliyekuja kupima kina cha ziwa. Unaficha kopo mahali, unatangaza namba za GPS za mahali hapo, na anayetaka anazifuata kwa simu yake mpaka alione. Ndani mna daftari. Ukilipata unaandika jina lako, kisha unaliacha palepale kwa ajili ya mwingine. Hakuna zawadi. Nilipomuuliza faida yake ni nini, aliniangalia kama mwanafunzi aliyesinzia darasani.

Kopo lenyewe lilikuwa la mayonezi, la plastiki, amelizungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili maji yasiingie. Alilifunga kwenye matete ya mdomo wa mto Ruzizi, upande wetu wa mpaka, pale ambapo maji hayana msimamo: mvua ikizidi, ziwa linaupandia mto, kiangazi kikija, linarudi nyuma na kuacha tope. Namba aliziandika kwa rangi nyeupe kwenye lango lake, kubwa kabisa. Waendesha pikipiki wakadhani ni namba ya simu, wakawa wanaipiga.

Halafu akangoja. Kila mwisho wa mwezi alipiga kasia mpaka matetini, akafungua daftari na kukuta jina moja tu, lake mwenyewe. Ilikuwa hivyo miaka miwili. Nilidhani ni michezo ya uzeeni, mpaka siku moja alipokaa barazani kwangu akanieleza sababu. Alisema amesimama mbele ya watoto karibu elfu tatu akiwaonyesha ramani, wala hajui kama kuna hata mmoja aliyebaki nayo kichwani. Likiandikwa jina moja la mtu aliyetafuta mpaka akapata, atajua chaki haikwisha bure.

"Mtafutaji hachoki," nikamwambia.

Mwezi wa nne ukaja na mafuriko, ziwa likaingia mpaka vyumbani mwa watu. Maji yalipotulia kidogo, Mwalimu alikwenda kuangalia kopo lake. Alirudi amenyong'onyea. Kopo halikuwepo, wala matete yaliyolishika. Simu ilionyesha namba zilezile, na mbele ya macho yake kulikuwa na maji matupu.

Wavuvi walicheka mpaka wakashika mbavu. Kumbe matete ya pale hayakushika ardhi. Yamelala juu ya maji kama mkeka, na ziwa likipanda, pande zima linakatika na kwenda zake. Mvuvi yeyote angemwambia. Lakini mwalimu wa jiografia amuulize mvuvi? Kiburi kilimponza, na alikiri mwenyewe. Alilipindua jeneza nyuma ya jiko, akapaka lango rangi ya kijani juu ya zile namba. Siku hiyo sikumcheka. Roho iliniuma.

Mwezi wa nane akafika Sévère, mwendesha pikipiki wa Kavimvira. Mwalimu alimkumbuka mara moja: ndiye mwanafunzi aliyempa sifuri ya ramani na kumwambia mbele ya wenzake kwamba atapotea hata kwenye uwanja wa baba yake. Sévère alimwamkia kwa heshima, akampa kikaratasi chenye namba nyingine.

"Mwalimu, kopo yako iko," alisema. "Lakini minye siwezi kukuonyesha. Tafuta weye."

Mwalimu akamsihi ataje walau upande. Sévère akamkumbusha kwamba sheria ni yake mwenyewe, akawasha pikipiki na kuondoka.

Asubuhi yake jeneza lilikuwa majini. Nikalifuata kwa mtumbwi wa shemeji yangu, mimi ninayeogopa maji kuliko nyoka. Tulishuka kusini, tukapita bandari ya Kalundu, Mwalimu akiwa ameninginiza simu shingoni ndani ya mfuko wa plastiki. Karibu na Kabimba tukakuta pande la matete limekwama kwenye mawe, ndege wamekwisha kujenga juu yake. Alilizunguka mara mbili. Kisha akapenyeza mkono, na mkono ukatoka na kopo la mayonezi.

Daftari lilikuwa na majina mapya tisa. Mvuvi wa Mulongwe. Mama Noella Kankindi, aliyekuwa akikata matete ya mikeka Kalundu. Kila mmoja ameandika tarehe na mahali, akalirudisha, kama maandishi ya Mwalimu kwenye mfuniko yalivyoagiza. Nikashangilia. Mwalimu akatikisa kichwa. Hawa, alisema, kopo limewafuata wao. Hakuna aliyelitafuta.

Akafunua ukurasa wa mwisho. Nikamwambia asome kwa sauti, akasoma.

"Nilifuata namba za ku lango yako, zile nilikuwa nimeandika mbele uzifute, mpaka mu mdomo wa Ruzizi, nikakuta maji tu. Nikauliza wavuvi: mwezi wa ine maji ilikuwa inasukuma wapi? Wakasema kusini. Nikachora ufuko yote hapa chini, nikatafuta kona kwa kona, dimanche ine. Nimeipata. Mwalimu, ile zéro, ondoa. Sévère."

Chini yake palikuwa na matunda ya hizo Jumapili nne, ramani ya biki: Ruzizi, Kavimvira, Mulongwe, Kalundu, Kabimba, kila ghuba imetiwa alama ya msalaba, isipokuwa moja iliyozungushiwa duara. Mwalimu alikuwa analia bila kujificha, na mimi pia. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, maana hajawahi kutembea bila hiyo kalamu, akaandika pembeni mwa ramani: tisa juu ya kumi.

Nikamuuliza hiyo moja imekwenda wapi.

"Hakuonyesha kaskazini," alisema, akifuta macho, kisha akalifunga kopo na kulirudisha matetini.