Domomwiko Akimeza Samaki

Kila majira ya baridi Lo Bing-hui alimletea mkewe picha za ndege waliosimama. Siok-bi, ambaye tangu miguu ipooze alishinda kwenye kiti kando ya dirisha la jikoni, alizitazama kwa adabu, kisha akauliza lile lile:

"Sasa, alikula?"

Ujana wake aliumalizia kwenye mabwawa ya kufugia samaki aina ya mwatiko. Ndege asiyekula hakumsisimua. Na kesho mtoto wao angekuja kuwahamishia kwake Taipei, ghorofani, mbali na bwawa lolote. Bing-hui alikuwa ameahidi: kabla hawajaondoka, Siok-bi atamwona domomwiko, yule ndege mweupe mwenye mdomo kama mwiko, akimeza samaki.

Asubuhi hiyo ya mwisho akaenda bwawani. Mwenye bwawa alikwisha vua mwatiko wake na kupunguza maji hadi kwenye vifundo vya miguu, ndege wajilie visamaki vilivyobaki, kama wafanyavyo wengi huku pwani ya Chiku. Kwenye ukingo walijipanga wapiga picha, wastaafu watupu, lenzi zao nene kama mabomba ya maji taka.

"Dereva, leo umewahi," Khu, aliyekuwa fundi wa majokofu, alimtania Bing-hui. "Umemwacha nani kituoni?"

"Wewe. Nauli hulipi."

"Nyamazeni, wazee! Mtafukuza ndege," mwingine akakemea.

Domomwiko wakashuka. Wakatembea midomo ikiwa majini, wakipekua kushoto na kulia kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Bing-hui, aliyeendesha basi maisha yake yote, hakuogopa kitu kama kuchelewa. Akabonyeza kitufe cha kamera, kidole asikitoe.

"Toa kidole, bwana! Kamera itasongwa na picha!" Khu akamwonya.

"Niache."

Hapo hapo ndege wa karibu akainua kichwa, samaki anapapatika kwenye ncha ya mdomo. Kamera za ukingo mzima zikaanza kutatarika. Kamera ya Bing-hui ikawa kimya. Ilikuwa bado inahangaika kuhifadhi lundo la picha za ndege aliyeinamisha kichwa.

Akabandua jicho kwenye kamera ili alaani, na ndipo alipoona. Ndege alimrusha samaki juu, akamdaka kichwa cha samaki kikitangulia, shingo ikavimba, uvimbe ukateremka taratibu. Kisha akajitikisa kama mtoto aliyenyweshwa dawa chungu.

"Umepata?" Khu aliuliza.

"Sikupata."

Khu akatazama chini kidogo. "Chukua yangu. Nitakutumia, useme ni yako."

"Nikamwonyeshe mke wangu kazi ya mwanamume mwingine?"

Ukingo ukaangua kicheko. Ndege wakaruka wote, na safari hii hakuna aliyelalamika.

Nyumbani maboksi yalikuwa yamefungwa. Siok-bi alikuwa na bakuli la supu mapajani. Alimtazama mumewe usoni, hata kamera hakuitaka.

"Sasa, alikula?"

Bing-hui alifungua boksi la vyombo, akatoa miko miwili ya wali, akaibana pamoja mbele ya pua yake. Akainama. Akapekua sakafu kushoto, akapekua kulia, makalio juu, hadi akafika kwenye kiti. Akanyakua kababu ya samaki kutoka kwenye supu, akairusha juu, akapanua mdomo.

Ikamgonga paji la uso, ikabingirikia chini ya meza.

Siok-bi alicheka hadi akashika mkono wa kiti.

"Huyo wako angekufa njaa! Wa bwawani alimdaka vipi?"

"Kichwa kilitangulia."

"Ee, ndivyo. Mkia ukitangulia, miiba inamkwama." Akamsogezea bakuli. "Haya, mzee. Rudia."