Raiya Afunga Njia

Raiya binti Mbaruk alianza na chumba kimoja. Alipoachwa na mumewe alirudi kwa mamake, Malindi mjini, akajenga chumba cha mawe uani na kumpangisha mwalimu wa madrasa. Kodi ya mwalimu ikanunua mawe ya chumba cha pili, na vyumba viwili vikazaa ploti ndogo huko Maweni. Ujenzi hakusomea, lakini alikuwa na jicho. Akionyeshwa ploti, huuliza kwanza kisima cha jirani kina maji baridi au ya chumvi. Kisha huuliza kama kuna makaburi. Mwisho huuliza njia, na hapo ndipo humchosha dalali kwa maswali.

Mdogo wake, Nahla, alikuwa ameolewa na Azim, mwenye duka la saruji na mabati. Azim ndiye aliyemwambia, "Dada, wewe una jicho, mimi nina vifaa. Tununue pamoja." Raiya akaitafuta ploti hadi akaipata Gede, karibu na barabara kuu. Akaongea na wenyewe, akaifyeka, akasimama juani na mafundi mpaka msingi ukatoka ardhini. Mara mamake akaugua. Raiya akampeleka hospitali Mombasa na kukaa naye huko, mambo ya hati akamwachia shemejiye.

Mama hakurudi. Na Raiya, alipotoka eda ya huzuni zake na kwenda Gede, aliukuta msingi wake umevunjwavunjwa na kusawazishwa, na mtu asiyemjua akisimamisha lango. Hati ilikuwa imetoka kwa jina la Azim peke yake. Azim alikuwa ameshauza.

Waliitwa kwa Ami Musab, mkubwa wa ukoo. Azim hakukana. Aliegemea mto, akacheka.

"Mwanamke na ardhi wapi na wapi? Dada, umefiwa, akili imekuchoka. Rudi jikoni, mahamri yako matamu wallahi."

Wanaume wawili watatu walicheka naye. Nahla alikuwa pale, na birika mkononi. Alimwongezea mumewe chai.

Ami Musab akamwambia Raiya asamehe kwa ajili ya nyumba ya mdogo wake. Raiya akajifunga buibui lake, akasema, "Nimesikia, ami." Kusamehe hakukutaja.

Miaka ikapita. Raiya alijenga polepole, na kila ukuta alioupandisha aliupandisha na jina la Azim kooni. Mafundi walidhani ni mtu wa bidii tu. Hawakujua kwamba mwanamke huyu alikuwa akiamka alfajiri na kusikia kile kicheko kabla hajasikia adhana.

Siku moja dalali wake, Kambi, alimletea habari alizozipokea kama maji ya kunywa. Azim amenunua kiwanja upande wa Watamu, anajenga nyumba ya ghorofa ya wageni.

"Kiwanja gani?"

"Kile cha nyuma ya shamba la mzee Gona. Nyuma ni mikoko, kushoto na kulia ni kuta za matajiri. Alikipata rahisi."

"Na njia?"

Kambi akatabasamu. "Anapita kwa Gona. Kwa mdomo tu. Hakuna kilichoandikwa."

Kesho yake Raiya alikuwa kwa Gona. Alimkuta mzee na mkewe, Kadii, wakikusanya matawi ya mikorosho iliyovunjwa na malori ya Azim.

"Shikamoo mzee. Huyu jirani yenu amekuja kuwapa pole?"

"Hata kutusalimu hatusalimu," Kadii akajibu. "Anapiga honi, tunamtolea mbuzi njiani."

Walikuwa tayari wameamua kuuza upande wa mbele ili wawahamishie wanao Vitengeni, kwenye shamba kubwa zaidi. Raiya hakuwapunja. Aliwataka watoto wote wa Gona wakae waridhike, akaenda nao mbele ya bodi ya ardhi, akaacha nje ya ununuzi ile pembe yenye makaburi ya wazee wao. Hati ilipotoka, ilikuwa na jina lake. Mpima alipanda bikoni, yale mawe ya mipaka, na njia ya Azim yote ikawa ndani.

Kambi akauliza, "Tufunge lini?"

"Bado. Mwache ajenge."

Basi malori yakaachwa yapite. Azim akaezeka. Azim akatia vigae, akachimba bwawa la kuogelea, akaleta vitanda. Raiya alikuwa akipita barabarani, akiinua macho kuitazama ile ghorofa ikipakwa rangi nyeupe, na moyo wake ukitulia kama wa mtu anayechungulia chungu kikikaribia kuiva. Nyumba isiyokwisha ingemuuma nusu. Alitaka imuume nzima.

Desemba ilipoingia, wageni wa kwanza wakiwa wameshapanga kuja, mafundi wa Raiya walifika na mawe. Ukuta ukapanda kutoka bikoni hadi bikoni. Azim alipofika, gari lake lilisimama mbele ya mawe mabichi, na Raiya akiwa amekaa kitini chini ya mwavuli wake.

"Dada! Mambo gani haya? Hii ni njia!"

"Ni shamba langu, shemeji. Njia iko wapi kwenye hati yako?"

"Nitakwenda kortini!"

"Nenda. Wanasema kesi za ardhi hazichelewi siku hizi."

Azim alikwenda. Wakili akamwambia anaweza kushinda, ila kwa miaka. Wageni hawangojei miaka. Wengine walipitishwa kwenye mikoko na mabegi kichwani, wakarudi Malindi jioni hiyo hiyo. Na benki iliyomkopesha pesa za kujengea, ambayo haikujua habari ya ukuta, iliendelea kudai chake.

Nahla ndiye aliyekuja nyumbani, macho yamevimba.

"Dada, unanifungia mimi pia. Mama angekuwa hai ungefanya hivi?"

"Mama alikuwa akifa, Nahla, na mumeo akiuza msingi wangu. Wewe ulijua?"

Nahla akainama. Kwa Raiya hilo lilikuwa jibu tosha.

"Mwambie nitainunua hiyo nyumba kwa bei ya haki, nikikata humo thamani ya sehemu yangu ya Gede. Lakini kwanza aseme alichonifanyia. Kwa Ami Musab, mbele ya wale wale."

Azim alikataa, akapiga ngumi ukuta, akatafuta wanunuzi. Nani anunue nyumba isiyoingilika? Kabla ya Ramadhani alikaa tena kwa Ami Musab, safari hii bila kuegemea mto.

"Nilimdhulumu," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikusikia," Raiya akasema.

"Raiya, inatosha," Ami Musab akakemea.

"Ami, siku ile alisema nikasikia mpaka leo. Na leo aseme nisikie."

Azim akarudia kwa sauti. Raiya alimtazama usoni mpaka mwisho wa neno la mwisho, akahisi utamu ambao hakuwahi kuuonea haya, wala hakuuficha.

Ukuta ukabomolewa pale katikati, likatiwa lango la chuma. Leo nyumba ile imejaa wageni karibu mwaka mzima, na hati yake iko kwa Raiya. Azim alihamia Gongoni, anauza misumari na rangi katika duka la ndugu yake. Nahla alimfuata.

Idi iliyopita Raiya alipika biriani, akapakua sinia, akalifunika kawa na kulipeleka Gongoni kwa gari. Lilirudi jioni na kawa lake, chakula hakijaguswa. Raiya alilipokea mlangoni. Kisha akawaita mafundi waliokuwa wakimimina zege la lenta juu ya madirisha uani, akawaambia wanawe mikono waje wale, kabla wali haujapoa kabisa.