Chifu na Katuni ya Kijapani

Jumamosi tulijaa katika kibanda cha video pale Suna kutazama katuni ya Kijapani: vijana wa pikipiki wakipambana na serikali ya miaka ijayo. Mtafsiri wa kibanda, ambaye Kijapani hajui hata neno, hutunga tu maneno kwa Dholuo, lugha yetu. Siku hiyo aliwapa askari wa katuni sauti ya chifu wetu. Tulicheka hadi machozi.

Mara chifu akaingia. Palepale mtafsiri akageuza maneno. "Serikali, tusamehe, tumekosa," wakalia vijana, huku wakilipua kituo cha polisi.

"Mkutano bila kibali!" chifu akafoka. Sote tukatimka, mtafsiri akiwemo.

Niliporudi kuchukua koti langu, nilimkuta chifu ameketi peke yake mbele ya televisheni.

"Omera, ndugu yangu, huyu askari anasema nini?"

"Sijui, mzee."

"Keti basi, tutazame pamoja."

Nilimkumbusha kwa heshima kwamba hatuna kibali, nikatoka.